Zena Akataa Bei

Kila aliyefungwa katika banda la gemu la Zena, nyuma ya soko la Ruangwa, alikuwa na sababu moja tu: TV. Hakuna aliyezidiwa, hakuna aliyekosea pasi. Ilikuwa TV. Na kusema kweli hawakuwa waongo kabisa. Runinga ile ilikuwa kubwa, pana, nzuri sana kwa kutazamia tamthilia, lakini kwenye mpira wa gemu ilikuwa na uvivu wake. Unabonyeza pedi sasa hivi, mshambuliaji wako anafikiri kwanza, kisha ndipo apige, na wakati huo beki ameshauchukua mpira na kwenda zake.

Zena mwenyewe, binti wa miaka ishirini na saba, aliamini hakuna vidole vyepesi kama vyake wilaya nzima, na ndani ya banda lake hakuna aliyethubutu kumbishia. Lakini sababu ya TV aliitumia kuliko wateja wake wote. Mwaka jana alikwenda Nachingwea kwenye pambano la miji miwili, akafika mchezo wa mwisho, akakutana na Hamidi, mwenye banda wa kule. Hamidi alikuwa na monita ya gemu, kioo ambacho ukibonyeza tu jambo limeshatendeka. Zena akafungwa mbele ya umati, akarudi Ruangwa akisema mikono yake ilizoea TV ya nyumbani, ndiyo maana alikuwa anabonyeza mapema. Watu wakaitikia. Walimpenda, na tena wao wenyewe walikuwa wanaihitaji sababu hiyohiyo.

Mwaka huu zamu ya kuandaa pambano ilikuwa ya Ruangwa, Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Zena alikuwa ameshawatangazia watu mpaka wauza maembe, pale Hamidi alipopiga simu.

"Dada Zena, za Ruangwa? Sikiliza. Sisi kuja tunakuja. Ila kwa ile TV yako ya kuangalizia taarifa ya habari, hatuchezi. Tafuta monita. Ukikosa, pambano linarudi huku kwetu, na wala usijali, nauli tutawachangia."

Hilo la nauli ndilo lililomchoma. Angeweza kuvumilia kufungwa, lakini kuchangiwa nauli kama mgeni wa msiba, hapana. Alikata simu, akafunga banda mapema, akaenda moja kwa moja dukani kwa Halfani.

Huyu Halfani aliuza vifaa vya umeme, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko bidhaa zake. Alikuwa na monita tatu za gemu, zimepangwa juu kabisa ya rafu, na vumbi la maboksi yake lilitosha kuandikia jina. Alimkaribisha Zena kwa kiti.

"Nunua leo, dada'angu," alisema. "Minada ya korosho ndiyo hiyo imeanza. Watu wakishalipwa, hapa dukani hapakanyagiki, na kila kitu kinapanda. Utakuja kuniambia, Halfani, mbona hukunisisitiza? Mimi nakusisitiza."

Zena alikuwa ameshafungua pochi, akampigia kwanza Jamali, mdogo wake anayesoma chuo Dar, naye akapiga kelele. "Dada, usinunue! Watakupiga! Huku wanasema mwisho wa mwaka zinaingia za aina mpya, hizi za sasa zitashuka bei mpaka utacheka. We tulia tu, subiri."

Ubaya wa lugha yetu ni kwamba ina methali ya kila upande, na zote zinasemwa kwa uhakika uleule. Subira huvuta heri. Ngojangoja huumiza matumbo. Zena alitembea na methali hizo mbili kichwani wiki nzima, zikigombana. Asubuhi alitoka nyumbani akiwa mnunuzi, akifika kwenye kona ya soko akawa msubiri, jioni akajilaumu. Wateja wake nao waligawanyika kambi mbili, ikawa hata mechi hazichezwi vizuri, watu wanabishana kuhusu bei za Desemba kana kwamba wameoteshwa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Zena hakumwambia mtu. Monita ikija, sababu inaondoka. Akifungwa tena na Hamidi, tena nyumbani, tena kwenye kioo chake mwenyewe, atasema nini? Ilimjia siku moja akiwa anafuta vumbi kwenye pedi, kwamba huenda kusubiri kwake hakukuwa na uhusiano wowote na bei. Alikasirika sana kuliwaza hilo, akaifuta ile pedi mpaka ikang'aa.

Mambo yalikuwa hivyo pale baba yake, Mzee Yunusi, mkulima wa korosho wa Mandawa, alipomwita amsindikize mnadani. Siku hizi bei za wanunuzi zinaonyeshwa ukutani kwa projekta, na macho ya Mzee Yunusi yalikuwa hayazioni tarakimu vizuri. Alimtaka mtu wa kumsomea, na hakumwamini jirani yake yeyote kwa kazi hiyo.

Wakulima walijaa uwanjani mbele ya ghala, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine chini. Bei zikatokea ukutani. Zena akamnong'oneza baba yake, na kabla hajamaliza mzee alikuwa ameshakunja uso. Uwanja ukaguna. Mwenyekiti wa chama akachukua kipaza sauti.

"Wakulima, bei mmeiona. Mnasemaje?"

"Hatuuzi!"

Sauti ile ilitoka kwa watu wote mara moja, wazee na vijana, hata akina mama waliokuwa wanamenya machungwa pembeni. Zena alisisimka mwili. Alikuwa ameshaisikia tangu utotoni, lakini siku ile aliisikia vingine. Hakuna aliyepigana wala aliyetukana. Watu walikataa tu, kisha wakakaa wakaanza kuzungumza habari za mvua. Baada ya sala ya adhuhuri wanunuzi wakarudi na bei nyingine, na ile ya pili ilikuwa nzuri, na mzigo ukauzwa kwa vigelegele.

Wakiwa njiani kutoka, Zena akauliza, "Baba, kwa nini wale wanarudi? Si wangeondoka tu?"

"Waende wapi? Mzigo wote umo humo ghalani. Mmoja mmoja wangetununua kwa bei ya karanga." Mzee akaiweka sawa kofia yake. "Kama mimi mwaka ule wa kangomba."

Zena aliukumbuka mwaka ule. Kangomba ni mlanguzi anayekujia nyumbani mkiwa wawili tu, wakati una shida, akanunua korosho zako kabla ya mnada kwa bei anayoitaka yeye. Mzee Yunusi aliuza zikiwa bado mtini, kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa. Mnada ulipofika bei ikapanda kuliko miaka yote, na yeye akasimama nje ya uzio akitazama korosho zake zikiuzwa na mtu mwingine. Alirudi nyumbani akalala na viatu.

"Na anayenunua je, baba? Naye hawezi kufanya mnada?"

Mzee Yunusi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mnunuzi ana mnada gani, mwanangu? Mnada ni wa mwenye mzigo. Mnunuzi ana shida zake tu."

Shida zake tu. Zena aliyarudia maneno hayo njia nzima. Mbona mwenye shida hakuwa yeye peke yake? Namungo, kule kwa wachimbaji wa dhahabu, Brigita alikuwa na banda lililojaa kila jioni, na TV yake ilikuwa mbovu kuliko ya Zena. Mandawa, Kaimu, mwenye banda wa kule, naye alilia kilio hichohicho. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwa Halfani kwa wakati wake, anakalishwa kwenye kiti kilekile, anaambiwa maneno yaleyale, anaondoka na methali zake mbili. Halfani alikuwa anawanunua mmoja mmoja, na yeye ndiye muuzaji! Zena alipiga kofi pajani hadi dereva wa bodaboda waliyopanda akageuka kuuliza kama wameangusha kitu.

Jumapili mchana, Brigita alipotoka kanisani, wenye mabanda hao watatu walikutana kwenye banda la Zena. Walikuja na wachezaji wao, mabenchi yakajaa, wengine wakasimama dirishani. Zena akaunganisha simu yake na spika za banda, akampigia Halfani.

"Kaka Halfani, tunataka monita tatu kwa mpigo. Zifike hapa, tuzijaribu kwanza, ndipo tulipe. Bei yako? Wanachama wanasikiliza."

"Wanachama gani tena?" Sauti ya Halfani ilijaa banda zima, watu wakaziba midomo wasicheke. Alidhani ni utani. Alipoelewa kuwa si utani alitaja bei ileile ya siku zote, akaongeza kwamba hiyo ni kwa sababu ya undugu.

Zena akampigia Augustino, mwenye duka la vifaa Nachingwea. Augustino alitaja bei pungufu kidogo, halafu akaongeza usafiri, zikawa zinalingana. Zena akasimama juu ya benchi.

"Wakulima..." Watu wakaangua kicheko. "Samahani, wachezaji! Bei mmeisikia. Mnasemaje?"

"Hatutaki!"

Augustino alikuwa bado hewani, akaisikia. Halfani naye aliisikia, maana duka lake halikuwa mbali na soko. Siku ile watu walitoka bandani wakitamba kama waliobeba kombe, na kumbe hawakuwa na monita, hawakuwa na kitu chochote, walikuwa na hapana yao tu.

Jumatatu kukawa kimya. Jumanne kimya. Halfani alipita mbele ya banda akitazama juu, kama mtu anayehesabu nyaya za umeme. Hamidi akatuma ujumbe wa sauti: "Dada Zena, huku tumeshafagia. Njooni na njaa, tutawapikia." Brigita akapiga simu akiwa hana raha. Wachimbaji wake walikuwa wanamuuliza kila jioni, na je, tukikosa vyote? Kaimu akawa hapatikani kabisa, Zena akaanza kumwaza vibaya, mpaka ikajulikana kwamba Mandawa umeme ulikatika na simu yake ilizimika. Jamali ndiye pekee aliyefurahi, akasema yeye alishasema wasubiri. Zena alimkatia simu.

Jumatano mchana, jua likiwa kali na banda likiwa halina mtu, Halfani akashuka kwenye bodaboda na boksi mkononi. Safari hii lilikuwa limefutwa vumbi.

"Nimeona nikuonyeshe tu," alisema. "Kuona ni bure."

Akaitoa monita, akaiweka juu ya meza, akaunganisha. Zena akashika pedi. Akabonyeza, na mchezaji akapiga. Palepale. Hakukuwa na kufikiri wala kungoja, mpira ulitoka mguuni wakati kidole kilipotaka utoke. Alipiga pasi, akapiga nyingine, akakata kushoto, akafunga bao ambalo kwenye TV yake alikuwa anaota tu kulifunga. Alicheka peke yake kwa sauti. Hakujua kwamba mikono yake inaweza kufanya vile, na furaha hiyo ilimjaa mpaka ikamuuma.

Halfani akainama sikioni pake, ingawa hapakuwa na mtu wa tatu. Akataja bei. Ilikuwa chini, chini sana ya ile ya Jumapili.

"Yako peke yako," alisema. "Iache ikiwa imewaka hivyohivyo. Jumamosi Hamidi anakuja, anaikuta mezani, mambo yamekwisha. Ila iwe siri yetu. Wale wa Namungo na Mandawa waache, watanifuata wenyewe dukani."

Moyo wa Zena ulisema chukua. Tusimdanganye mtu, ulisema chukua mara kadhaa. Siku zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki. Pambano lingekuwa salama, jina la Ruangwa lingekuwa salama, na Brigita ni nani kwake, si mtu wa banda jingine tu? Halafu akamwona baba yake nje ya ule uzio, akitazama magunia yake. Akaiweka pedi chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kaka Halfani, hii ni kangomba."

Halfani alishtuka kweli. "Mimi, mtoto wa mkulima wa korosho, unaniita kangomba?"

"Basi usifanye kangomba. Kesho jioni tuko hapahapa, wote. Hiyo bei uliyoninong'oneza, njoo uiseme mbele za watu."

"Kesho nitakuwa nimebadili mawazo."

"Badili tu."

Akachomoa nyaya. Kioo kikazima. Zena alimtazama akilirudisha boksi kwenye bodaboda, akalifunga kwa mpira, akaondoka, na vumbi likabaki limesimama barabarani. Hapo ndipo alipokaa kwenye benchi na kujishika kichwa. Nimefanya nini? Nimeufukuza ushindi mlangoni kwangu, na mchana kweupe. Jioni alimweleza Brigita kila kitu, hakuficha hata ile raha ya pedi. Brigita akasema, "Basi kesho nakuja na wachimbaji wote."

Na alikuja nao. Alhamisi jioni banda halikutosha, watu wakajaa hadi barabarani, wachimbaji wa Namungo na buti zao, vijana wa Mandawa na Kaimu wao aliyeapa hatazima tena simu maishani. Zena akampigia Augustino kwanza. Augustino alikuwa amefikiri tangu Jumapili. Akashusha bei, akafuta usafiri, akasema mwenyewe atapanda basi la asubuhi na monita zake tatu.

Banda likapumua. Ilikuwa bei ya kukubalika, na wengine walikuwa wameshafungua midomo kukubali, pale watu wa mlangoni walipoanza kusukumana. Halfani alikuwa anapita katikati yao, shati limelowa jasho. Alikuwa amesimama nje muda wote akisikiliza.

"Subirini," alisema. "Huyo wa Nachingwea asije kuuza Ruangwa mimi nikiwa hai."

Akataja bei yake. Kila mtu alidhani amesikia vibaya. Katika banda zima ni Zena na Brigita tu waliojua kwamba bei ile ilikuwa chini hata ya ile ya sikioni.

"Irudie, kaka Halfani," alisema.

Halfani akairudia. "Na nazifunga mwenyewe, bure, hata Namungo nitakwenda. Zena, basi, niachie heshima yangu kidogo."

"Augustino, umesikia?"

"Nimesikia," spika zikasema kwa unyonge. "Mimi hapo sifiki. Mchukueni."

Zena akapanda benchi. Hakupata hata nafasi ya kuuliza. "Tumekubali!" ilimkuta mguu mmoja ukiwa bado hewani, ikatikisa bati, na mama muuza mihogo ya kukaanga upande wa pili wa barabara akapiga kigelegele bila hata kujua ni cha nini. Brigita alimkumbatia Zena akambeba juu juu. Mzee Yunusi, aliposimuliwa kwa simu, hakucheka safari hii. Alisema, "Kumbe mnunuzi naye ana mnada," kisha akasema kwamba Jumamosi anakuja kuangalia, macho yawe mazima au mabovu.

Jumamosi Hamidi alifika na kikosi chake. Aliingia bandani akiwa na maneno yake tayari, akaiona monita mezani, akayameza. Akaomba kuijaribu. Akabonyeza, akabonyeza tena, akitafuta uvivu. Hakuupata.

"Kioo hakina shida," alisema mbele ya wote.

Zena aliyasikia maneno hayo. Sababu yake ndiyo hiyo ilikuwa inazikwa, na aliyeizika ni Hamidi. Ruangwa walishinda mchezo wa kwanza, Nachingwea wakashinda wa pili, na wa mwisho, kama mwaka jana, ukabaki wa wenye mabanda wawili. Wakakaa bega kwa bega kwenye benchi moja. Zena aliomba Mungu kimoyomoyo, akashika pedi.

Hamidi alifunga kwanza. Banda likazizima, na kwa mazoea mtu mmoja nyuma akaanza kusema "TV..." akanyamaza mwenyewe. Zena alikuwa amefungwa kwa haki, amezidiwa mbio na akili, na ajabu ni kwamba hofu yote ikamtoka palepale. Hakuwa na pa kujificha tena, basi akacheza. Vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Akasawazisha kwa shuti la mbali. Akakosa moja, mwamba ukalia, watu wakashika vichwa. Dakika za mwisho akapokea mpira pembeni, akamvuta beki wa Hamidi, akakata ndani, akangoja kidogo tu, kwa kutaka kwake mwenyewe, golikipa akalala, naye akauinua mpira juu yake ukatumbukia wavuni taratibu.

Zena hakuruka. Alibaki amekaa, pedi mikononi, machozi yanamtiririka, na wala hakuyafuta. Watu walikuwa wanapandiana mabegani. Hamidi alikitazama kioo, akaitazama pedi yake, akaigeuza chini juu, kisha akaiweka mezani kwa sababu haikuwa na la kumsaidia.

"Umenifunga, dada Zena," alisema polepole.

"Sema kwa sauti, mdogo wangu. Walio nje hawajasikia."

Hamidi akasimama juu ya benchi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti, na walio nje wakasikia.